Nywele Nyeusi za Baba

Mwezi uliopita nilikaribia kumkosesha baba yangu mashine ya kupumulia, na yote kwa sababu ya kufikiri kupita kiasi.

Baba ni mwalimu hapa Nchelenge, amebakiza miezi mitatu astaafu. Akilala anakoroma, halafu pumzi inakatika kabisa, na mama humtikisa mpaka irudi. Daktari aliandika kwamba anahitaji mashine ya kumsaidia kupumua usingizini. Bima ya kazini ingeilipia, ila ombi lazima lipite kabla hajastaafu.

Mimi, mwenye digrii na bila kazi, niliwaza: afisa wa bima akiona mvi za baba, atasema huyu anaondoka, asubiri. Basi asubuhi ya kwenda ofisi ya bima nikampaka baba dawa nyeusi, kichwa na ndevu. Nikamkataza pia kusema, maana sauti yake ni ya kizee. Alitii, kwa kunipenda tu.

Afisa, mama mwenye miwani, alitazama picha kwenye kitambulisho, akamtazama baba, akairudia picha.

"Huyu hapana mwenye kadi. Unaleta kaka yako atumie bima ya baba yenu?"

"Hapana, madamu, ni yeye!"

"Ombi la muzee nilikubali jana, miaka yake yote iko kwa fomu. Leo nilitaka tu kuona uso. Sasa yeye eko wapi?"

Jasho jeusi lilikuwa linateremka shingoni mwa baba. Mwishowe akasema mwenyewe.

"Ni mimi, madamu. Utusamehe. Huyu mutoto wangu alisoma sana."