Dengu Nilizokula Nimesimama

Mume wangu alipokwenda vitani na mgambo wenzake, nilibaki peke yangu kwenye kijiji chetu cha ujamaa huko Runazi. Hapo ndipo fangasi za ukeni ziliponiandama. Kwenye shamba la kijiji nilikuwa nashika jembe, naliacha, nakimbilia kichakani kujikuna, narudi.

Jirani yangu, mama wa Kisukuma aliyehamia kutoka Shinyanga, akaniuliza, "Mwanangu, una nini?"

Nikamweleza huku nikilia kwa aibu. Akanipeleka zahanati.

"Dawa zimekwisha, magari yote yanapeleka mizigo vitani," muuguzi alisema. "Kwa sasa punguza sukari na pombe."

Jirani akanigawia dengu alizoletewa na ndugu zake, nile badala ya uji wa sukari. Tulizichemsha kwa kitunguu na chumvi, tukazila na mchicha. Yeye alikaa kwenye mkeka. Mimi nilikula nimesimama mlangoni, nikisikiliza kila lori lililopita.

"Kaa, basi," alinisihi.

"Siwezi, mama. Nikikaa muwasho unazidi."

Muwasho ulipungua kidogo tu. Ulikoma dawa zilipofika, nikaweza kukaa naye mkekani. Mume wangu alikuwa bado hajarudi.