Mkono Mmoja wa Sweta ya Mzee Situma

Siku ya kwanza kazini nilivaa shati ya kanisa, viatu nikapiga rangi, nikajua naenda ofisi. Kumbe ofisi yenyewe ni chumba kimoja nyuma ya duka la mbolea hapo Kitale, na ndani nyanya mmoja amekaa katikati ya mifuko ya uzi kama mtu amezikwa mpaka kiuno. Viatu zangu hakuziangalia. Aliangalia vidole.

"Unajua kufuma?"

"Mamangu alinifunza. Mimi najua kila kitu."

"Anayejua kila kitu humaliza nini?" akaniuliza. "Kaa hapo. Shika sindano."

Huyo ndiye alikuwa bosi wangu wa kwanza. Wazazi wake walitoka Central wakakuja kulima Trans-Nzoia, na mji mzima ulikuwa unamwita Shosho, yaani nyanya. Mimi nilikuwa nimetoka Kiminini na cheti ya darasa la nane na mdomo mkubwa. Leo nawaandikia kama mstaafu. Usicheke. Najua thelathini sijafika, na ndevu bado zinaulizana kama zitoke ama zingoje. Lakini nimestaafu kweli. Wengine hustaafu na kiinua mgongo, mimi nilistaafu na baridi ya mgongo. Sasa nyinyi mnaokuja nyuma, sikizeni vile hii kazi ilikuwa inafanywa.

Kwanza, fundi hana kazi moja. Fundi wa kazi moja atalala njaa. Kwa Shosho nilikuwa na sweta za shule kwa mashini, ile ya kusukuma huku na huku inalia krrr, krrr. Hiyo haibebeki, so ilikuwa ya dukani tu. Kwa stage nikingoja gari nilikuwa natoa kroshia, ile sindano moja yenye mdomo kama ndoano, nashona vitambaa vya viti, zile nyeupe mama yako anawekelea kochi na hataki mtu aegemee. Boshori, yaani kofia ya baridi, nilikuwa nafuma kanisani wakati wa matangazo. Pasta alinionya mara moja tu, mpaka nikamfumia yake. Shali ya mtoto ilikuwa ya nyumbani, maharagwe ikichemka. Mara nyingi maharagwe iliungua. Shali haikuungua.

Ukibeba kazi nyingi hivyo, hatari ni kuchanganya. Ndio maana Shosho alitaka kila kazi ikae kwa mfuko wake, na uzi wake, na sindano zake. Na hauachi mstari katikati. Hata kama nyumba inaungua, maliza mstari kwanza, vitanzi vyote vihamie sindano moja, ndio ukimbie.

Alikuwa na sheria zingine mbili, na hizo hakuwa anasema akicheka. Ya kwanza, shali ya mtoto hajazaliwa haifungwi. Unaifuma yote, unaacha ukingo wa mwisho wazi mpaka usikie mtoto amelia. Hata nyumbani kwenu unajua, nguo za mtoto hazinunuliwi kabla ya mtoto. Ya pili ni ya mtu akikufa kabla sweta yake kuisha. Hiyo unaifumua yote, unaosha uzi, unaurudisha kwao. Hauingii kwa kazi ya mtu mwingine. Kamwe.

"Kwa nini, Shosho? Uzi si ni uzi tu?"

Akavuta uzi mmoja uliofumuliwa, akauning'iniza mbele yangu. Uzi uliotoka kwa sweta haunyooki. Unabaki na mikunjo midogo midogo, kila mkunjo ni pale kitanzi kilikuwa kimekaa.

"Umeona? Uzi unakumbuka ulikuwa wapi," akasema. "Sasa kamwana, kijana wangu, niambie unajuaje haukumbuki nani aliuvaa."

Siku hiyo alikuwa ameanika uzi wa marehemu mmoja kwa kamba hapo nje, ameufungia jiwe chini ndio unyooke. Hakukuwa na upepo. Majani ya mahindi ya jirani yalikuwa yamesimama wima kama wanafunzi kwa gwaride. Lile jiwe lilikuwa linazunguka pole pole. Upande mmoja, linasimama. Upande wa pili, linasimama. Nikarudi ndani nikaketi karibu na Shosho, na sikufanya mchezo mpaka jioni.

Shosho alipozeeka macho, alifunga duka, na mimi nikapata uhamisho. Naita uhamisho ndio ikae vizuri, ukweli nilitafuta kazi. Nikaenda Bungoma, karibu na soko. Bosi wa huko alikuwa mama mmoja mnene, mchangamfu, mwenye mashini mbili na viti vitatu, na tulikuwa tunamwita Director. Alijipa hicho cheo mwenyewe. Director hakuwa na mambo ya mfuko kwa mfuko. Uzi wote ulikuwa kwa kapu moja kubwa, kama mboga.

"Kijana wa Kitale," alikuwa ananiambia, "hapa sisi tunafuma. Kuombea uzi ni kazi ya kanisa."

Hapo ndipo nilimpata Mzee Situma. Alikuwa mtu wa upande wa Webuye, alibeba magunia maisha yake yote mpaka bega la kushoto likashuka chini ya lingine. Alikuja mwenyewe kupimwa sweta ya kijani, ile kijani ya majani ya maharagwe. Wengine ukiwapima mkono wanaulegeza. Yeye aliunyoosha mbele wote, ngumi imefungwa, kidole gumba kimejificha ndani, kama mtu ameficha peremende.

"Mzee, fungua ngumi, sikuibii," nikamwambia.

"Pima tu. Na shingo usinibane, kijana. Mimi nikibanwa shingo nasikia kufa."

"Mzee, mimi nitakuachia shingo mpaka ng'ombe apite."

Alicheka, meno karibu yote yakiwa yamestaafu kabla yangu. Akasema atarudi kuchukua.

Nilikuwa nimemaliza mbele, nyuma na mkono wa kulia, na ule wa kushoto uko nusu kwa sindano, tukasikia mzee amelala na hakuamka. Nikamwambia Director sheria ya Shosho. Akasema, "Sweta nzuri hivi tuifumue? Mtu mwingine atavaa. Funga shingo, ile wazi hivyo nani atataka?"

Nikafunga. Ribu, ile mistari ya kubana, nikaifuma vizuri na fundo mwisho. Asubuhi tukifungua duka, shingo imefumuka. Haikukatwa. Imefumuka kitanzi kwa kitanzi mpaka pale nilianzia, na uzi umekunjwa juu ya kiti, kibonge safi. Director akasema ni paka. Hatukuwa na paka. Nikafunga tena, na nikaweka fundo mbili. Asubuhi, kile kibonge kiko juu ya kile kiti. Na kiti kilikuwa kile mzee alikalia akipimwa.

"Huyo paka anajua kazi," nikasema. "Tumwandike." Lakini nilisemea mlangoni, mguu mmoja nje.

Sasa wakati huo dadangu Nafula alikuwa na mimba. Ameolewa hapo njia ya kwenda Webuye. Mtoto wake wa kwanza alikuwa amekufa akiwa mdogo sana, hata jina hakuwa amepata, na toka hapo Nafula alikuwa anatembea kama mtu amebeba sufuria ya maji moto. Mama mkwe wake aliagiza kwetu shali nyeupe. Niliifuma mwenyewe, na ukingo nikauacha wazi kama Shosho alivyonifunza. Halafu nikatumwa Kitale kupeleka sweta za shule. Nikarudi nikapata shali haipo.

"Mtoto amekuja, ni kijana!" Director akaniambia, amefurahi kabisa. "Mama mkwe ameichukua. Uzi mweupe ulikuwa umeisha, nikamalizia ukingo na kijani. Imetoka smart, bana."

"Kijani gani, Director?"

Akainama kwa kapu. Niliangalia pale kwa ukuta. Sweta ya Mzee Situma ilikuwa imening'inia, na mkono wa kushoto hauko.

Nilichukua boda, nikabeba sweta chini ya jaketi. Kabla sijafika kwa Nafula nilisikia kilio kutoka barabarani. Ndani, mama mkwe wake, tunamwita Kukhu kama vile sisi huita nyanya, alikuwa amepakata mtoto aliyefunikwa shali mpaka kidevu kwa sababu ya mvua.

"Amelia tangu lini?" nikauliza.

"Tangu tumfunike jana," Nafula akasema. Sauti yake ilikuwa imeisha. "Kliniki wanasema hana homa, hana kitu. Lakini hanyonyi. Bro, angalia mdomo vile umekauka. Kama yule wa kwanza."

Sisi ambao wazee wetu walitoka Bungoma tunajua mtoto akilia hivyo anataka jina. Kuna mtu wa kale anataka kuitwa kupitia yeye, na unayataja majina ya marehemu moja moja ukimpatia titi, mpaka anyamaze kwa lile lake. Kukhu alikuwa kwa hiyo kazi tangu asubuhi.

"Wewe ni Wanyonyi? Nyonya." Kilio.

"Ni Masinde? Haya, Masinde, nyonya." Kilio, na mtoto anapinda uso upande.

"Ni Khisa wa ng'ambo?" Hapo akalia mpaka akakosa pumzi, rangi ya mdomo ikabadilika, na Nafula akaanza kupiga kelele.

Kukhu akaweka mikono chini. "Watu wetu wote nimeita. Majina imeisha. Huyu ni mgeni."

Mimi nilikuwa naangalia shingo ya mtoto. Ukingo wa kijani umezunguka hapo, na ile mikunjo midogo inaonekana. Vidole vya mtoto vilikuwa vimeshika ukingo, vinavuta chini. Mtoto wa siku mbili, anavuta kama mtu mzima amevalishwa tai.

Nikatoa kroshia mfukoni. "Kukhu, shika yeye vizuri. Hii kijani sio yake, naitoa."

Nikatafuta fundo la Director, nikalikata na meno, nikaanza kuvuta. Uzi ulikuja mwepesi, prr, prr, na kadiri ulivyokuja kilio kilishuka. Mtoto alikuwa anaangalia uzi. Najua mnasema mtoto mchanga haoni mbali. Mimi nawaambia alikuwa anaufuata na macho kutoka shingoni mpaka kwa mkono wangu. Kitanzi cha mwisho kikatoka, akanyamaza. Lakini titi akakataa. Akanyoosha mkono wa kushoto mbele wote, ngumi imefungwa, kidole gumba ndani.

Mimi nikiogopa mdomo wangu hufanya mchezo, ndivyo niliumbwa. Nikasema, "Haki, Mzee Situma, shingo si nimekuachia? Acha mtoto anyonye, bana."

Akageuka, akashika titi.

Ilibaki mvua kwa mabati, na mtoto anameza. Nafula alikuwa analia bila sauti, machozi yanamwangukia mtoto kichwani na hayapangusi.

"Situma ni nani?" Kukhu akauliza, pole pole.

Nikatoa sweta, nikamweleza yote. Alisikiza akiguza lile bega la sweta lililoshuka.

"Jina rikikuja rimekuja," akasema. "Rakini huwezi kuchukua tu kama kuku ya jirani. Enda kwao uombe."

Nilienda. Mjane wa mzee alikuwa anapukuchua mahindi mbele ya nyumba. Nikaanza kueleza, na nilingoja anifukuze. Aliendelea kupukuchua.

"Mkifunika huyo mtoto shingo, anavuta?"

"Anavuta, mama."

Akachukua sweta, akainusa, akairudisha kwa mkono wangu pamoja na kibonge cha ule uzi nilitoa kwa shali.

"Jina wapeni, na Mungu amkuze. Lakini hii sweta kaa nayo wewe. Yule mzee hakuwa anaacha kitu yake kwa fundi. Alisema atarudi kuchukua, si ndio?"

"Ndio alisema."

"Basi."

Nilirudi kwa Director nikaweka sindano zake mezani.

"Unaacha kazi juu ya uzi?" akanishangaa.

"Hapana, Director. Uzi ndio umekataa kuniacha."

Siku hizi niko nyumbani Kiminini, nauza mahindi ya kuchemsha na mayai, kitu ukimaliza imemalizika. Sindano niligawa zote, nikabaki na zile mbili za sweta ya mzee. Sweta yenyewe iko kwa mfuko wa unga, nimeufunga juu, umening'inia nyuma ya mlango. Mkono wa kushoto sikuwahi kuumaliza. Nilikuwa najiambia sina nafasi.

Juzi Nafula alikuja kunisalimia na kijana wake. Situma sasa ni mkubwa, anakimbia, anatukana kuku. Hakuwa amewahi kuingia kwangu tangu ajue kuongea. Aliingia, akapita mayai, akapita redio, vitu mtoto angeshika. Akaenda nyuma ya mlango. Akasimama chini ya ule mfuko.

"Khocha," akaniita, vile sisi huita mjomba, na akanyoosha mkono wa kushoto mbele wote, ngumi imefungwa. "Pima."

Labda amesikia hadithi kwao. Nafula anaapa hawajawahi kumwambia. Nilitafuta mchezo wa kusema, nikakosa, mara ya kwanza maishani. Kwa hivyo nikapima.

Kwa hivyo nyinyi mnaokuja nyuma, mkisikia mtu anasema amestaafu hii kazi, muulizeni kwanza ameacha nini kwa sindano. Leo nimeosha ule uzi, nimeuanika na jiwe, na jiwe limetulia. Nimeanza mkono upya, kutoka begani. Kipimo sijabadilisha, ni kile cha mtu mzima.

Atakua tu. Mimi nangoja.