Pereira Wetu wa Temeke

Siku ya kwanza kazini niliambiwa mie ni karani wa masjala, mtunza mafaili ya wafanyakazi. Ilipofika saa nne Meneja Utumishi akanisukumia boksi la magongo, akasema na hayo ni yangu. Kiwanda chetu pale Chang'ombe kilitengeneza sufuria na ndoo, na kilikuwa na timu ya wanawake ya mpira wa magongo, huu mnaouita hoki. Gongo nilikuwa sijawahi kulishika hata siku moja. Nikamwuliza nifanye nalo nini. Akasema, "Wewe andika tu, Bi Mwanahawa. Wenyewe watapiga." Basi nikaandika, mpaka nikastaafu.

Nyie mnaosajili timu kwa kompyuta hamjui tulivyohangaika. Kila msimu mchezaji alijaziwa fomu, ikabandikwa picha, ikagongwa mhuri wa kiwanda, nami naibeba hadi kwa Katibu wa chama cha mchezo. Kitambulisho cha taifa hakikuwepo, na vyeti vya kuzaliwa walikuwa navyo wachache. Ushahidi wa mtu ulikuwa barua ya mjumbe wa nyumba kumi, kiongozi wa mtaani aliyemjua kila anayelala katika nyumba zake kumi. Barua ile ilikupatia kazi, sukari ya mgawo, na ukibahatika hata mke.

Sie Waswahili wa Temeke majina yetu mepesi. Mie Mwanahawa, baba Shomari, babu Kondo, kwisha. Ya ukoo hatuandikagi. Kwa hiyo wachezaji wangu niliwaandika vivyo hivyo, jina lake na la baba yake. Mshambuliaji wetu wa kutegemewa, binti aliyefunga maboksi idara ya usafirishaji, akawa Anjela Josefu, na miaka yote hakuna aliyenyanyua mdomo.

Ukaja wakati wa ruksa, biashara ikafunguliwa kwa kila mtu. Maduka yakajaa sufuria za nje, sie tukapunguziwa zamu, na vyama vingi vikaanza. Chama cha mchezo nacho kikaleta fomu mpya, kwa kuwa bingwa wa msimu ule angeenda kuiwakilisha nchi, na kila anayecheza fainali lazima awe raia. Fomu ilikuwa na kiboksi kinachotaka jina la ukoo. Mie kwa ujuaji wangu nikamwambia Anjela alete cheti cha ubatizo. Nikakuta humo Pereira. Nikaliandika kwa herufi kubwa, tena kwa mwandiko wangu mzuri, nikajipongeza.

Siku kumi kabla ya fainali, timu ya Kinondoni ikaweka pingamizi. Walisema Pereira ni Mreno, na kama si Mreno basi ni mtu wa Msumbiji, na kwamba mwaka jana alijiita Josefu ili kujificha. Tulikuwa pia na Jeni Banda, mzaliwa wa Keko ambaye kila mtu alimwuliza habari za Malawi. Huyo hawakumgusa kwa sababu alikuwa wa akiba. Katibu akaniambia nilete ushahidi mbele ya Kamati siku ya Ijumaa, la sivyo Anjela hachezi.

Anjela alikuja mezani kwangu na aproni yake ya kazi. Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Dada Hawa, hivi mie nimekuwa mgeni lini?" Roho iliniuma, maana kalamu iliyomfanya mgeni ilikuwa yangu.

Nikamfuata baba yake Mwenge, kwenye vibanda vya wachonga vinyago. Nikampa shikamoo, akaitikia huku tezo inaendelea na kazi. Akanieleza kwamba baba yake, Mmakonde wa Masasi, alibatizwa akiwa mtu mzima, na baba wa ubatizo alikuwa Mgoa, Mhindi wa koloni la Wareno, karani wa stoo ya misheni. Desturi ya kule ilikuwa kuchukua jina la aliyekusimamia. Mzee Josefu alinitazama akasema, "Yule Mgoa alimpa baba yangu jina. Hakumpa nchi." Cheti cha babu kilishaliwa na mchwa. Akanikumbusha kuwa Anjela alizaliwa Temeke, nyumbani, mikononi mwa wanawake wa mtaa, na kwamba mjumbe alikuwa Bi Tatu.

Bi Tatu alikuwa mtu wa madaftari. Kila aliyezaliwa, aliyekufa na aliyelala ugenini katika nyumba zake kumi alimwandika. Macho yalishamchoka, akanipa nisome mwenyewe. Nilifunua mpaka vidole vikawa vyeusi kwa vumbi. Nikalikuta: nyumba ya saba, Josefu fundi vinyago kutoka Masasi, na mkewe, mtoto wa kike Anjela amezaliwa humu. Nilipiga kigelegele peke yangu sebuleni kwa watu.

Sasa kiherehere. Badala ya kufunga daftari nikaendelea kufunua, nikaangukia kurasa za wageni. Nyumba ya pili, Rehema Selemani, shemeji yake fundi cherehani, mgeni kutoka Mombasa. Nikalijua jina. Huyo Rehema alikuja kuhamia Kinondoni, na ndiye aliyekuwa mlinda mlango wa timu ileile iliyotuwekea pingamizi. Bi Tatu akasema kila Idi bado anakwenda kwao kwa pasi ya kwao, ya Kenya. Jina lake lilikaa vizuri masikioni mwa watu, kwa hiyo hakuna aliyemwuliza kitu.

Kosa langu la pili ni kumwambia Meneja Utumishi. Alifurahi huyo, akasugua mikono, akasema Ijumaa tunawang'oa mlinda mlango na mechi imekwisha.

Mwenyekiti wa Kamati alikuwa askari mstaafu, mtu wa kukaa wima. Alianza kwa kusema wajumbe wa nyumba kumi siku hizi ni wa chama kimoja cha siasa, hivyo barua zao hapokei. Nikamwambia sikuleta barua, nimeleta daftari, na liliandikwa wakati chama ni kimoja na sote wake. Akavaa miwani. Akasoma mstari wa Anjela mara mbili, akauweka kidole chini yake ili wanakamati wenzake waone. Kisha akatamka, "Huyu ni wetu. Acheze." Akaniuliza kama kuna jingine.

Meneja alinichoma kiwiko. Akaninong'oneza, "Soma ukurasa wa wageni."

Rehema alikuwa amekaa kwenye benchi la timu yake, hatua chache tu. Alikuwa anaitazama mikono yangu. Daftari lile alilijua, aliandikwa humo yeye mwenyewe akiwepo. Na ule uso nilishauona wiki ileile, mezani kwangu, juu ya aproni ya Anjela. Nikalifunga daftari. "Hakuna jingine, Mwenyekiti," nikasema. "Tutaonana uwanjani."

Nje Meneja alinivaa. Alisema nina huruma ya kijinga, na kwamba tukifungwa nitafute masjala nyingine ya kufanyia kazi. Na alikuwa hatanii.

Fainali ilipigwa Temeke, kwenye uwanja wa changarawe unaochuna magoti. Rehema, mtoto wa watu, alidaka siku ile. Kila akiokoa, Meneja anageuka kunitazama mie, kana kwamba ndimi niliyevaa zile pedi. Anjela alipiga mara nne, mara nne Rehema akatoa mguu. Mie nilikuwa nasoma kila dua niliyofundishwa chuo cha Kurani.

Dakika za mwisho tukapata kona fupi. Hiyo ni adhabu ambapo mmoja anausukuma mpira kutoka mstari wa goli, mwenzake anausimamisha nje ya duara, kisha unaingizwa ndani upigwe, maana goli halihesabiwi bila kupigwa ndani ya duara. Aliyesukuma alikuwa Jeni Banda, ametoka akiba. Anjela akaunyanyua ule mkono wake mwepesi, akaupiga mpira chini kabisa, nao ukagonga ubao wa ndani ya goli, nyuma ya Rehema. Mlio ule nausikia hadi leo. Tukashinda moja bila, nami nikalia kama mtoto.

Rehema alivua kofia yake ya chuma, akaja moja kwa moja kwangu. Alinishika mkono muda mrefu, akarudi kwa wenzake. Meneja Utumishi yeye tayari alikuwa anawaeleza watu kwamba huo ulikuwa mpango wake tangu mwanzo. Nikamwachia.

Kiwanda kiliuzwa baadaye, timu ikafa, mie nikastaafu kwenye masjala ya wenye mali wapya. Makarani wa siku hizi wakinijia huwaambia nimekosea mengi kwa kalamu ile, na siku niliyofanya kazi vizuri kuliko zote ni siku niliyofunga daftari. Wengine hawanielewi, si kitu.

Ila nilikuwa nimesimama nyuma ya Mzee Josefu wakati kombe linatolewa. Kipaza sauti kilisema, Anjela Pereira. Jamaa mmoja pembeni, asiyemjua mzee, akamwuliza huyo Pereira ni wa wapi. Mzee alikuwa anajipangusa macho kwa kiganja kilichojaa vidonda vya tezo. Akamjibu bila kugeuka.

"Wa kwangu."