Kichanja cha Mama Kilichozidi Kimo

Majani ya mlenda yakianikwa juani hutoa harufu ya vumbi na nyasi, na mimi nikiinusa tu, shingo inainuka yenyewe kumtafuta mama. Msicheke. Wenzangu waliwatafuta mama zao jikoni. Wangu alikuwa juu ya nyumba.

Nyumba yetu ya kwanza, upande wa Sepuka, ilikuwa tembe, paa lake la udongo, bapa kama uwanja. Ndani tulikuwa watu kumi na wanne: bibi mzaa baba, baba, wadogo zake wasiooa, sisi watoto, na mgeni hakosekani. Wote walijua jina moja. Mama Hawa, maji! Mama Hawa, chumvi iko wapi? Hawa ni mimi, mtoto wa kwanza, niliyetolewa darasa la pili nikalee wadogo zangu. Jua likiwa utosini, mama alibeba ungo wa mlenda, akapanda paani, akakaa. Kuanika mlenda si kazi ya muda mrefu. Yeye alikaa mpaka kivuli kigeuke. Ukimwita, hajibu. Baba mdogo alimtania, "Shemeji, utataga huko!" Bibi alinung'unika kwamba hajui huyu mkwe kaolewa na mwanawe au na paa.

Kisha tukahamishiwa kijiji cha ujamaa kando ya barabara, nyumba zimepangwa mistari kama mahindi, mapaa ya nyasi yenye mgongo mkali. Hapo hapandi mtu. Haukupita mwezi, mama alinichapa kwa ajili ya kibuyu ambacho hata hakikuvunjika, halafu akalia kuliko mimi.

Ndipo balozi wa nyumba kumi akapita na amri: kila kaya iwe na kichanja cha kuanikia vyombo. Majirani walijenga vya kimo cha kifua. Mama alikata miti mwenyewe, akachimbia nguzo nne, akajenga kirefu kuliko baba, imara kama zizi. Akapanga sufuria mbili pembeni. Halafu akapanda.

Balozi alikuja kukagua, akamkuta huko. Sisi watoto tukamwamkia balozi shikamoo, macho yake yakabaki juu.

"Mama Hawa, hicho ni kichanja cha vyombo?"

"Ni cha kuanika, balozi. Na mimi nimelowa tangu alfajiri. Niache nikauke."

Majirani wakaangua kicheko, na hicho ndicho kilichomkera balozi. Akamgeukia baba. "Kikatwe sasa hivi, au nakupeleka kwa mwenyekiti. Mwanaume mzima unatawaliwa toka angani?"

Baba alikuwa mtu mwema, ila aliogopa macho ya watu. Akachukua shoka. Mama hakushuka. Alikamata miti kwa mikono miwili, akamtazama tu. Mimi nilikuwa kando, na mtoto mgongoni.

Aliyejitokeza ni bibi. Bibi yuleyule! Akajikokota na mkongojo wake, akaketi chini, mgongo kwenye nguzo.

"Athumani, weka shoka. Unadhani niliwalea nyie wanane kwa uganga? Nami nilikuwa na paa langu. Balozi, kamwambie mwenyekiti nguzo hii imeegemewa na kizee."

"Mama, si wewe uliyekuwa unamsema kila siku?" baba akauliza.

"Mkwe asiposemwa, atajuaje kama nipo?"

Balozi akaondoka akisonya. Kichanja hakikukatwa.

Siku hizi naambiwa kuna semina za msongo wa mawazo. Nendeni, sikatazi. Mimi nilidhani mama alitukimbia kwa kuwa hakutupenda, na kinyongo hicho nilikibeba mpaka nikawa na watoto sita na biashara ya vitunguu. Siku moja nikajikuta nimeinua mwiko juu ya kichwa cha mwanangu, kwa kosa ambalo leo silikumbuki. Nikauweka chini. Nikaenda kukaa nyuma ya magunia, kimya, huku wakiniita. Hapo nilimwelewa: alipanda ili akishuka awe bado mama yetu.

Nyumba yangu ya matofali ina chumba kimoja chenye komeo kwa ndani. Wajukuu wakigonga saa saba mchana, siitiki. Mkwe wangu husema nina kiburi. Ninacho, na nimekitolea jasho.