Mkaguzi na Sarafu Chafu

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alisimamia chumba cha kufulia cha hospitali mpaka alipostaafu, na katika maisha yake yote hajawahi kukutana na doa akaliacha lipite. Mashuka yaliyomfikia yakiwa na damu, dawa na uji yalirudi wodini meupe mpaka wagonjwa wakaona haya kuyalalia. Sisi nyumbani tulimwita Mkaguzi, lakini kwa kunong'ona. Alipokuja kututembelea hakuketi kwanza. Alipitisha kidole juu ya fremu ya mlango, akakitazama, kisha akamtazama mama yangu, wifi yake, na mama akaanza kujitetea kuhusu vumbi la barabarani kana kwamba yuko kizimbani.

Tangu aolewe, mama alikuwa akisugua nyumba yetu kwa ajili ya mtu mmoja tu, na mtu huyo hakuwahi kumwambia hata umejitahidi. Baba alijifanya haoni. Alikuwa hodari sana wa kutoona mambo yanayomhusu dada yake.

Kustaafu kulimtesa Shangazi. Nyumba yake ya vyumba viwili ilikuwa imekwisha kusafika kufikia saa tatu asubuhi, na baada ya hapo alibaki akiikodolea macho. Akaanza kuzunguka soko la mitumba akinunua vifungo vya zamani, maana kazini alikuwa ameshona vifungo kwenye makoti ya madaktari hadi vidole vikazoea. Siku moja alinunua kopo zima la vifungo, akalimimina mezani, na humo ndani kikawemo kifungo kimoja kisicho na matundu. Kilikuwa duara lisilokamilika, kizito, cha kijani, na kichafu kupita maelezo.

Kitu kichafu mikononi mwa Shangazi hakina maisha marefu. Alikipaka limau na majivu, akakisugua kwa mswaki, akakimalizia kwa kiwaya cha sufuria. Jioni kilikuwa kinameremeta, na ni hapo alipohisi kwamba huenda si kifungo bali pesa ya zamani. Kesho yake akakipeleka kwa fundi saa, mzee mwembamba aliyekuwa na kibanda chini ya ngazi za jengo la maduka na aliyejulikana mtaani kwa ugonjwa wake wa kukusanya sarafu za kale. Alikwenda akiwa na furaha ya mtu anayekwenda kupongezwa.

Fundi saa alikishika kwa ukingo, akabandika lenzi yake ya kukuzia jichoni, akakigeuza upande wa pili. Saa zote za ukutani ziliendelea kugonga, kila moja na wakati wake. Mwishowe akauliza, kwa upole wa kutisha, ni nani aliyefanya hivi. Shangazi akajibu kwa majivuno kwamba ni yeye.

"Mama," alisema fundi, "hii ni sarafu ya miaka zaidi ya elfu moja na mia tano. Hapa palikuwa na uso wa mfalme. Umemnyoa kichwa kizima."

Akamwazima lenzi ili aone mwenyewe. Upande wa nyuma ilibaki miguu minne ya farasi bila farasi. Upande wa mbele palikuwa laini kama sahani, isipokuwa pembeni kabisa, mahali ambapo mswaki haukufika, palikuwa na sikio. Sikio moja dogo, lililochongwa vizuri, na nyuma yake kijipindo cha nywele.

Lile sikio ndilo lililomponza. Shangazi alirudi nyumbani akashindwa kula. Alinipigia simu mimi, si baba, akasema kwamba mtu yule alikaa ardhini miaka yote hiyo, mvua zikampita, vita vikampita, kumbe alikuwa anamngoja yeye aje kumfuta Jumamosi moja kabla ya chakula cha mchana. Nilitaka kucheka, lakini sauti yake haikuwa ya kuchekwa. Alikuwa anataka jambo moja tu: kuuona uso wa yule mfalme.

Akarudi kwa fundi. Sarafu kama ile ipo, alikiri fundi, anayo yeye mwenyewe, kwenye trei yake, uso mzima. Shangazi akafungua mkoba. Fundi akaufunga kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumfanyia Shangazi, akasema hamuuzii na wala hamwonyeshi. Alimtazama vidole vyake vilivyokauka kwa sabuni na akasema waziwazi kwamba anaviogopa. Kisha, labda kwa kumwonea huruma, akatoa kwenye mfuko donge la udongo na kutu, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, akamtilia kwenye bahasha. Ndani yake mna sarafu, alisema, hata yeye hajui ya nani. Ailoweke kwenye maji safi, abadilishe maji, asiiguse kwa kitu kingine chochote. Mwisho wa mwezi airudishe. Ikirudi haijasuguliwa, atamfungulia trei.

Hivyo ndivyo Shangazi alivyoanza kukusanya sarafu za kale: kwa kuwekewa uchafu ndani ya nyumba na kukatazwa kuusafisha.

Aliteseka, tusifichane. Donge lilikaa kwenye bakuli la kioo, juu ya kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, na kila alipopita karibu nalo mkono ulimwasha. Aliuficha mswaki wa zamani juu ya kabati ili asiufikie bila kiti, kisha akakipeleka kiti chumba cha pili. Alinikataza kabisa nisimwambie mama. Mkaguzi mzima kufuga uchafu, wifi yake akijua, atauweka wapi uso wake? Wageni wakigonga, bakuli liliingia kabatini kabla mlango haujafunguliwa.

Lakini taratibu jambo likabadilika. Udongo ulianza kulegea wenyewe. Asubuhi moja kukatokea mstari, kesho yake mistari mingine miwili, na Shangazi akanipigia simu nikiwa kazini kunieleza kwamba anaamini ni bawa. Ndege au malaika, hajui. Alizungumza haraka haraka, kama mtu mwenye mchumba. Nilimsikia akicheka peke yake kabla hajakata simu, na nilifurahi kwa ajili yake kuliko nilivyotarajia.

Zikiwa zimebaki siku chache mwezi uishe, mgongo ukamkamata. Hakuweza kunyanyuka kitandani, na mama akaenda kumuuguza. Mama alimpa dawa, akamfunika, Shangazi akapitiwa na usingizi. Mama akatazama huku na huku akitafuta la kufanya. Sufuria zilikuwa zinang'aa, sakafu inang'aa, hata kamba ya kuanikia ilikuwa imefutwa. Halafu akaliona bakuli.

Nilifika jioni kumchukua mama nikamkuta amesimama jikoni, uso umemchangamka, sarafu iko juu ya kisahani inawaka kama balbu. Nilikaa chini bila kukaribishwa. Kabla sijapata neno, Shangazi akatokea akijikongoja, shuka begani, na mama akamwendea na kisahani kwa mikono miwili.

"Wifi, hii ilikuwa imeoza kwa uchafu. Nimeimaliza."

Shangazi aliichukua, akaisogeza dirishani. Akaitazama upande mmoja, akaigeuza. Hakukuwa na bawa, hakukuwa na mstari, hakukuwa na kitu. Mimi nikajiandaa kwa vita ambavyo baba angelazimika kuviona atake asitake. Mama naye alianza kushtuka. Akasema kwa sauti iliyokuwa inapungua kwamba miaka yote hii hajawahi kukuta kitu cha kusafisha ndani ya nyumba hii, kwamba alitamani siku moja na yeye awe wa msaada, kwamba leo alikipata.

Shangazi akapitisha kidole juu ya sarafu, akakitazama.

"Umesugulia nini?" aliuliza hatimaye.

"Limau na majivu."

"Na mswaki?"

"Na mswaki."

Shangazi akaigeuza tena ile sarafu. "Umesugua vizuri, wifi," alisema. "Hata mimi nisingeifikisha hapa."

Mama aliangua kilio palepale, akiwa bado ameshika kisahani kitupu. Ilibidi Shangazi, na mgongo wake ule, amkalishe, na wakiwa wamekaa hivyo alimsimulia yote: kopo la vifungo, sikio, fundi saa, bawa. Nami nikachemsha chai na kumwaga nusu yake sakafuni, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyenikaripia.

Mgongo ulipopoa tulikwenda wote watatu kwenye kibanda chini ya ngazi. Njia nzima mama alisisitiza kwamba atasema yeye, kosa ni lake. Fundi alipoiona sarafu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kana kwamba tatizo liko kwenye miwani.

"Nilijua," alisema. "Nani kafanya?"

Mama akafungua mdomo. Shangazi akamtangulia.

"Mimi. Nilianza kuisugua siku huyu alipoolewa kwetu."

Fundi hakuelewa, na hakuna aliyemfafanulia. Aliwatazama wale wanawake wawili, mmoja macho yamemjaa machozi, mwingine ameshika mkoba kifuani kama ngao. Akasema watu wakimharibia kitu huja na hadithi za paka na watoto, na yeye zile hadithi anazijua zote, ila mtu wa kusema "mimi" hajampata bado. Kisha akakohoa, akavuta droo.

"Kuuza siuzi," alisema. "Kutazama, tazameni."

Akaiweka sarafu yake yenye uso mzima juu ya kitambaa cheusi na kumpa Shangazi lenzi. Mwezi mzima alikuwa akiisubiri dakika hiyo. Niliona anavyopumua. Aliishika lenzi kidogo, halafu akamnyooshea mama.

"Tangulia, wifi."

Mama akainama. Akatueleza anachokiona, polepole: ni mwanamume mwenye mashavu manene, ndevu za kujisokota, amekasirika kama aliyeambiwa chakula bado. Sikio lipo. Kisha akasogeza lenzi karibu zaidi.

"Wifi, ana uchafu puani."

Kidole gumba cha Shangazi kilinyanyuka chenyewe, kikaenda mpaka kwenye ulimi kulowana, tayari kufuta. Kikasimama hapo. Halafu akakirudisha kushika mkoba.

"Mwache," alisema. "Mwache hivyo hivyo."