Neno Ambalo Baba Hakulisema

Kanisa la kigango chetu lilinuka popo. Walijaa juu ya dari, na kiangazi joto lilipopanda, harufu yao ilishuka ikachanganyika na ubani, dawa ya sakafu na jasho la watu waliokuja kwa miguu kutoka mashambani. Sisi watoto wa kwaya tulikaa mbele, upande wa kushoto, na aliyetuongoza alikuwa baba yangu. Alikuwa mkulima wa mahindi na karanga kama majirani zake wote wa upande ule wa Kipalapala, nje kidogo ya mji wa Tabora, lakini Jumapili alivaa shati jeupe, akasimama mbele yetu na kuinua mikono, na hata waliokuwa wakikohoa waliacha kukohoa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nikajiona mtoto wa mtu mkubwa.

Kiangazi ninachokikumbuka ni kile nilipokuwa najiandaa kwa kipaimara, sakramenti ya kuimarishwa katika imani. Askofu angekuja mwenyewe, na kigango kama chetu hakimwoni askofu kila mwaka. Mama alikuwa amenishonea gauni jeupe, akalitia wanga, akalipiga pasi ya mkaa na kulitundika ukutani juu ya kitanda changu, limefunikwa kwa khanga ili moshi wa jikoni usilifikie. Kila nilipolala nililiona likining'inia pale, nikahesabu Jumapili zilizobaki. Mwaka uliotangulia tulikuwa tumemzika mdogo wangu Kizito, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kulitamka jina langu vizuri. Homa ilimchukua haraka, hata kabla baba hajapata usafiri wa kumpeleka hospitali. Baada ya matanga hatukumzungumzia. Mama alirudi shambani, baba alirudi kwenye kwaya, nami nikadhani hivyo ndivyo watu wanavyofanya.

Nadhani mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kugundua. Baba alituongoza kuimba Nasadiki, ile sala ya kukiri imani, kwa sauti yake nzito, lakini tulipokaribia mwisho, penye maneno "ufufuko wa miili", alifumba midomo. Mikono iliendelea kutuongoza, sisi tukaimba, kisha yeye akarudi kwenye neno linalofuata kana kwamba alikuwa amemeza mate tu. Jumapili iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na nyingine tena. Sikumwambia mtu. Lakini katekista wetu, Mwalimu Fabiani, alikuwa mtu wa kuangalia kila kitu, kuanzia mishumaa mpaka kucha za watoto wa altare, na siku moja baada ya ibada alimsimamisha baba mlangoni, mimi na mama tukiwa pale pale.

"Andrea, koo linakuuma?"

"Haliumi, Mwalimu."

"Mbona kwenye Nasadiki kuna mahali unaruka?"

Baba angeweza kusema lolote. Angesema vumbi, angesema uzee. Alisema, "Siruki, nanyamaza. Hilo neno bado sijalifikia."

Mwalimu Fabiani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ametembea usiku na mchana kwenda kuwaombea wagonjwa wa kijiji chetu, na ndiye aliyemzika Kizito. Lakini aliogopa. Aliuliza atamwambia nini askofu, kwamba mwalimu wa kwaya hasadiki? Akatoa uamuzi wake: baba aache kwaya kwanza, na Jumapili ya mwisho kabla ya askofu kufika asimame mbele ya waamini aitamke Nasadiki yote, yeye peke yake. Akiitamka, mambo yamekwisha. Asipoitamka, Tekla atasubiri kipaimara mpaka askofu aje tena. Tekla ni mimi.

Nyumbani mama alimbembeleza. Alianza kwa Kiswahili, na hasira ilipompanda akahamia Kinyamwezi, kisha akarudi kwenye Kiswahili kwa sauti ya chini. "Chezesha midomo tu, Baba Tekla. Nani atajua?"

"Watoto wa kwaya wananitazama mdomo ili wajue pa kuanzia," baba alijibu. "Sasa niwadanganye kwa mdomo huo huo?"

"Huyu wako mmoja je, humwonei huruma?"

Baba alinitazama, kisha akatoka kwenda kufunga mbuzi ambao tayari walikuwa wamefungwa.

Wiki zile alikuwa akinibeba kwenye baiskeli kwenda mjini kumuuzia karanga Mzee Nassoro, mwenye duka ambaye wazee wake walitoka Omani na misafara ya zamani, wakafika Tabora na kubaki. Zamani baba alipima karanga, akachukua chumvi na sabuni, tukaondoka. Sasa alikaa barazani kumsikiliza mzee akisoma Kurani baada ya alasiri, huku mimi nikila tende na kutazama magari yakipita kwenda Nzega. Mzee Nassoro alifurahi. Alianza kumpa baba kahawa kwenye kikombe kizuri, na kwangu akawa mwema kupita kiasi. Mwishowe siku moja alimuuliza waziwazi.

"Andrea, umri wangu umekwenda, usinizungushe. Unakuja kusilimu au unakuja kupumzika?"

"Nakuja kusikiliza, Mzee. Nyinyi mnasemaje kuhusu watoto wadogo wanaokufa?"

Mzee Nassoro alivua miwani. Akasema, kwa upole ambao sijausahau, kwamba watoto wadogo wako peponi, wanalelewa na Nabii Ibrahimu, na hilo halina shaka hata chembe. Nilimwona baba akiuma mdomo. Nikajua ameguswa, nikashusha pumzi. Kisha akauliza, "Umejuaje, Mzee?"

"Nimejuaje?" Mzee aliifunga Kurani yake. "Mtu ana kiu, analetewa maji, anauliza kisima kilichimbwa na nani?"

"Kwa sababu kiu ni kali, Mzee. Naogopa nitakunywa chochote."

Mzee Nassoro hakukasirika, ila siku ile kahawa haikuongezwa. Njiani kurudi nilikaa nyuma ya baiskeli nikiwa nimefura kwa hasira. Kusema kweli nilikuwa nimeshajiona ndani ya ushungi, nikila pilau ya Idi nyumbani kwa Mzee Nassoro pamoja na wajukuu zake. Sikujali tungekuwa nani, mradi tuwe kitu kimoja ambacho mtu akiuliza ningeweza kumjibu. Baba alikuwa ameshindwa kutufanya Wakatoliki kamili na ameshindwa kutufanya Waislamu. Nilimwona kama mtu anayekataa kuingia nyumba zote huku mvua inamnyeshea mtoto wake.

Jumapili ile ilifika. Kanisa lilijaa hata watu wasiozoea kuja, maana habari ilikuwa imeenea. Baba alivaa shati lake jeupe akasimama mbele. Alianza vizuri, bila haraka, na sauti yake ilijaza kanisa zima. Mama, aliyekaa nyuma yangu, alianza kupumua kwa nguvu kadiri mwisho ulivyokaribia. Baba akasema ushirika wa watakatifu, akasema maondoleo ya dhambi, akanyamaza. Juu ya dari popo walisikika wakihangaika. Nilidhani amesahau. Kwa kweli nilidhani hivyo, kwa sababu hata mimi mbele ya watu huwa nasahau, nikamnong'oneza, "Ufufuko wa miili, baba."

Alinigeukia. "Nalijua, mwanangu," akasema, mbele ya watu wote, akashuka akakaa.

Tuliporudi nyumbani mama alitangulia mbali, hakutaka kutembea na mtu. Baba alikokota baiskeli kando yangu. Tulipofika penye njia ya makaburi alianza kuzungumza bila kuulizwa. Alisema analitaka lile neno kuliko kitu chochote duniani. Usiku huamka akamsikia Kizito akiita. "Sasa nikilisema kwa kuwa nimebanwa, sitajua tena kama ninalisadiki au ninalitamani tu. Mdogo wako hastahili hivyo."

"Na mimi je?" nilimuuliza.

Baba yangu, aliyemjibu katekista na akamjibu Mzee Nassoro, hakunijibu.

Askofu alikuja akaondoka. Nilipata kipaimara miaka kadhaa baadaye, nikisoma sekondari Nzega, kwa gauni la kuazima. Baba hakurudi tena kwenye kwaya, lakini hakuacha kanisa; alikaa karibu na mlango, na neno lile lilipofika alinyamaza. Mzee Nassoro alipofariki, baba alifuata jeneza mpaka makaburini, akasimama nyuma ya wanaosali. Mama alimsamehe, au alichoka, sikuweza kutofautisha.

Sasa mimi ni mwalimu Tabora mjini. Siku hizi hakuna anayenyamaza. Vipaza sauti vinashindana mtaa kwa mtaa, na kwenye makundi ya simu watu ninaowaheshimu wanatukanana alfajiri kuhusu nani atakwenda motoni. Wote wameshalifikia kila neno. Jumapili ninaitamka Nasadiki kwa sauti, kutoka mwanzo mpaka mwisho, na hakuna katekista aliyewahi kunisimamisha mlangoni. Watu wananiita mama wa imani. Nikilisikia jina hilo nachoka.

Pasaka iliyopita nilikwenda kijijini. Baba ni mzee sana, macho yamepungua, anabangua karanga kwa kupapasa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, tukakaa. Sijui kilichonisukuma nikamuuliza kama amelifikia lile neno.

"Siku nyingine nalifikia," alisema. "Halafu linanitoka."

"Baba, miaka yote hii!"

"Ndiyo." Aliendelea kubangua. "Kwani wewe lilikuchukua muda gani?"

Nilifungua mdomo nimjibu. Nikainuka nikaenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa, nikiwa na hasira naye, hasira ileile ya nyuma ya baiskeli, kwa sababu katika mafundisho yangu yote ya kipaimara, kijijini na Nzega, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo.