Vidonge vya Daktari Mchina

Mwaka ule wakimbizi wa Burundi walipojaa kambi ya Mtabila, daktari Mchina alikuja kijijini kwetu, nje ya Kasulu. Alikaa zahanati siku moja. Alimpima mdogo wangu wa kike, aliyekuwa akiwaka homa ya malaria, akatupa vidonge katika bahasha ya kaki. Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunza, cha taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Mama alijua Kiha tu, nikamfasiria: siku tano, asubuhi na jioni, mpaka viishe, hata mtoto akichangamka.

Nyumbani shangazi alicheka. "Wifi, Wachina nao wanalima kwa jembe, nimewaona kwenye kalenda ya duka. Wametoa wapi dawa ya kugawa?"

"Ndiyo maana nimepokea kwa mikono miwili," mama akasema.

Siku ya tatu mdogo wangu aliamka akidai maharage. Alikula, akaimba. Mchana huo mtoto mkimbizi, aliyekuwa akilala jikoni kwetu na mama yake, alianza kutetemeka kwa homa. Mama akamimina vidonge vilivyobaki kiganjani mwangu.

"Wapelekee."

"Mama, daktari alisema viishe."

"Tajiri akikupa, kula mwenyewe, kwake vipo vingine. Huyu daktari katoka kwa maskini wenzetu, wamejinyima. Cha maskini hakilali ndani, mwanangu. Nenda."

Kwetu ndivyo ilivyokuwa. Chumvi uliyopewa na aliyepungukiwa, ulimpunguzia na wa nyumba ya pili. Nikaenda, nikiona fahari kuvibeba.

Mtoto wa jikoni alipona. Baadaye yeye na mama yake walihamia kambini.

Mdogo wangu homa ilimrudia wiki iliyofuata, kali kuliko ya kwanza. Alfajiri mama alimfunga mgongoni, akapanda nyuma ya baiskeli, baba akaisukuma kuelekea hospitali ya Kabanga. Hawakufika. Niliwaona wakirudi, baba na baiskeli tupu mbele, mama akitembea nyuma, bado amembeba. Wanawake walipokuja kumpokea, aliwapita, akazunguka nyumba mara mbili naye mgongoni.

Miezi kadhaa baadaye daktari alirudi. Mama alichukua kibuyu cha asali, akaniita twende. Nilidhani anakwenda kumwambia.

Daktari alitukumbuka. "Yule mtoto hajambo?"

Nilimtazama mama.

"Mwambie amepona," akasema kwa Kiha, akiangalia chini. "Katoka mbali na kidogo chake. Tusimrudishe kwao na msiba."

"Amepona, daktari."

Alitabasamu uso mzima, akapokea asali, akafungua daftari lake. Akauliza mtoto ana miaka mingapi sasa.

"Sita," nikasema, kwa kuwa ndiyo angeitimiza mwezi ule.

Akaandika.